Maji Katika Upepo

Jumatatu, 4 Machi 1957

Dawa ya kifua, uji, kisha kiti nje ya duka la binti yangu hapa Riruta. Ng'ambo ya barabara Barasa anapiga rangi madigadi bandani kwake. Rangi imefanya malengelenge tena. Mvua zinakaribia, hewa ni nzito, na kompresa yake, mashine ya kusukuma upepo wa kupulizia rangi, inatema maji pamoja na upepo. Yeye hajui. Analaumu kitambaa chake. Hufuta bati mara tatu, na siku ya kupiga rangi hali chochote chenye mafuta. Mwiko huo aliuanza alipofukuzwa kazi mjini.

Mimi ndiye niliyemfukuzisha.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike yote. Daktari hakunificha: siku zangu si nyingi.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa karani wa gereji moja mjini. Kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kufungua koki chini ya mtungi wa kompresa, maji yaliyojikusanya yatoke. Siku tatu mfululizo sikufungua. Uvivu tu. Gari la mteja mkubwa likatoka na rangi yenye malengelenge. Meneja alipouliza nikasema Barasa amelifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandika: mzembe.

Yeye mwenyewe aliniamini. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia tutaunda kikaushio cha upepo. Akacheka. "Mwalimu, hata kikombe kinakutetemekea! Spana utaiweza?" Ananiita mwalimu tangu enzi za gereji, kwa kuwa nilikuwa nikimsomea barua za nyumbani.

Mimi nasema, yeye anafanya. Bomba la shaba limezungushwa ndani ya pipa la maji baridi, upepo upoe na unyevu ugeuke matone. Mwisho wa bomba, chupa nene ya chuma yenye koki, inase matone hayo. Kisha mtungi wa chokaa isiyozimwa, inywe unyevu uliobaki. Blanketi limebanwa pande zote mbili za mtungi, vumbi la chokaa lisipenye.

Nimekohoa damu. Sijamwambia neno. Nangoja mashine inisemee. Mwoga.

Jumamosi, 16 Machi

Imefanya kazi. Koki ilipofunguliwa maji yalitoka kikombe kizima. Madigadi limetoka kama kioo. Barasa akaita majirani. "Njooni muone! Huyu mzee wa Mombasa ni mchawi wa upepo!" Akanishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Yesu wake maisha marefu. Sikuweza kuinua uso.

Nilifundishwa tangu chuoni, nikisoma Kurani: haki ya Mungu huombwa msamaha kwa Mungu, haki ya mtu huombwa msamaha kwa mtu mwenyewe. Mabomba si ombi.

Jumapili, 17 Machi

Nilimngoja atoke kanisani. Nikamwambia yote, nimesimama, mkono ukutani. Hakupiga kelele. Alivaa kofia yake. Kisha: "Twende ukamwambie mama watoto."

Mkewe alikuwa akichambua mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole havikusimama.

"Mzee, barua yako ilisomwa nyumbani, watu wamekaa. Baba yake alikufa akimwita mzembe. Huyo sasa nani atamwambia ukweli?"

Barasa alinisindikiza mpaka mlangoni kwa binti yangu, akinishika kiwiko. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Sistahili kuuliza.

Jumanne, 19 Machi

Homa. Banda limefungwa siku mbili.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Sikutoka kitandani. Leo nasikia kompresa.

Barasa alipita kabla ya saa sita. Hakuketi. Nilimwuliza jina la baba yake. Akanitajia. Alipofika mlangoni akageuka, akaongeza jina la babu. "Wenye jina hilo ni wengi huko unakokwenda, Mwalimu. Usije ukamwambia mwingine."

Makokha, mwana wa Wafula. Nimeshalikariri.