Kitambaa cha Idi Ambacho Mama Hataki Kikatwe

Buyenzi, Bujumbura
10 Novemba 2005

Mpendwa mdogo wangu Houda,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Liège, na baridi inakuonaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Bunduki za milimani zimepungua, ingawa mtaa wa Kinanira, chini ya milima, watu bado wanalala jicho moja wazi.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Kumbe miaka ile baada ya kupasuliwa tumbo ili upungue, unene ulirudi, ndipo daktari akapitisha mpira mdomoni, akakaza kwa uzi njia ya chakula iliyolegea, bila kukupasua tena! Mimi fundi cherehani mzima sijawahi kushona mfuko kwa kupitia shingoni. Mwambie mshono wake umeshika: mwaka wa pili huu na kilo hazijarudi. Nimefurahi kusikia magoti hayakuumi tena.

Lakini hiyo picha yako uliyoitia ndani ya barua imetuletea msiba usio na maiti. Unajua kwetu, tangu vita vianze, mtu akikonda ni njaa au ni ule ugonjwa. Mama alipoiona alipiga kelele, "Uyu mutoto anagonjwa, muko munanificha tu!" Nikamweleza habari za daktari, hakusikia. Akawaita majirani wakakusomea Yasini, akapika na pilau ya sadaka. Walipokwisha kushiba, wakapita kibandani kwangu kunipa pole. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kila Idi nakushonea gauni kwa vipimo vya mwaka ule ulipokimbia vita, na Mama anayapanga sandukuni. Safari hii nilitaka kukata kwa vipimo vipya ulivyoniandikia. Akaninyang'anya mkasi. "Apana! Kwanza mi mwenyewe nimushike kiuno, ndiyo utakata."

Basi usitume picha nyingine. Macho ya Mama yamefifia, mikono yake ndiyo anayoiamini. Nami nimekukumbuka mpaka nakasirika. Njia ya uwanja wa ndege sasa inapitika. Njoo, mdogo wangu, hata kwa wiki moja.

Mke wangu Assia anakusalimu, na mwanetu Ilias, ambaye anakujua kwa magauni tu. Shangazi Mwanvua anasema kahawa yako ipo. Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Kitambaa ni cha zambarau, rangi yako. Mama anakilalia chini ya mto, na mkasi wangu bado anao yeye.

Kaka yako akupendaye na kukungoja,
Hamissi