Salfa Chumbani kwa Leonia

Mnyambe, Newala

Mdogo wangu Mama Leonia,

Marahaba, salamu zako za Masasi kazileta Flora. Mbuzi wa jirani kazaa mapacha, weupe hao!

Lakini mumeo Edson kanichefua. Leonia na kifua kikuu chake dawa anameza vizuri, basi baba mtu kafunga dirisha, kabeba pampu ya mikorosho, kampulizia mtoto salfa chumbani!

"Si ugonjwa wa hewa, kama ubwiriunga wa mikorosho tunaoupulizia salfa?" ananiambia.

"Kwani mwanao mkorosho?"

Nikamwita nesi, kafoka: "Mwili una kinga yake, unapigana na vijidudu, wewe unamziba pumzi! Fungua dirisha!"

Leonia nimemchukua kwangu. Leo kamaliza uji. Kwa Edson harudi mpaka apone, hata uje ulie mlangoni kwangu.

Dada yako, bado nimenuna,
Mama Gasper