Jina Lako Kwenye Mashine Isiyowaka

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini leo nina hasira, na nikianza bila salamu nitatukana.

Jana chuo chako kilikuenzi. Ndivyo walivyosema wenyewe, kukuenzi. Wameletewa msaada wa kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo, wameiweka kwenye chumba chenye kufuli mbili, na mbele yake wamebandika kibao cha shaba chenye jina lako. Walituonyesha kibao hicho mimi na Mama, kisha wakakifunika pazia ili nije nikifunue mbele ya wageni. Nilipoliona jina lako kwenye dude lile nilitamani kulibandua kwa kucha.

Maana mimi nilikuwa nawe. Nilikushikia ngazi ulipokuwa unavuta nyaya juu ya mabati ya Kariakoo, duka hadi duka. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, kompyuta za mitumba zinashushwa bandarini kwa makontena, na kila mwenye duka anataka yake mezani aonekane wa kisasa. Anaandikia risiti mbili tatu, jioni anazima. Wewe ulitaka maduka yakifungwa ziachwe zinawaka, zigawane hesabu moja kubwa ambayo hakuna hata moja ingeiweza peke yake: maji ya masika yakishuka mjini yatapita mtaa gani, yatatuama wapi. Wenzako chuoni walisema tusubiri mashine kubwa. Ukawajibu, "Mimi sitaki mashine kubwa, nataka majirani."

Na majirani ukawapata, kwa kahawa na maneno mengi. Shida ilikuwa swichi. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka bila kuzima swichi kuu, moto umeshawatia adabu. Mzee Jayanti, muuza vipuri vya cherehani aliyekuita Mwalimu, alikukatalia kabisa mpaka ulipomfungia waya wa kompyuta peke yake ili azime vingine vyote. Mama Nangoma wa fotokopi, yule wa Masasi, aliuliza kama kompyuta yake haitachoka kufanya kazi usiku kucha. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ramani ikatoka, ukaibandika dukani kwa Mzee Jayanti, na watu wakazibua mitaro uliyoitia alama. Masika yale maji hayakuingia kwa Mama Nangoma.

Hayo jana hayakutajwa. Mkuu wako wa idara, yule aliyezoea kukuita fundi waya, alisoma majina ya majarida ya nje yaliyokutaja, akameza mate kwa raha baada ya kila moja. Akasema mchango wako umefika Ulaya. Kariakoo, ambako ni mwendo wa basi tu, yeye hajawahi kufika kuuona. Halafu akatangaza kwamba kwa kuwa mashine kubwa imekuja, ule mtandao wa madukani hauhitajiki tena. Hapo nikaelewa kwa nini baada ya arobaini yako walikuja kuichukua kompyuta yako uliyoiweka pale juu kwa Mzee Jayanti izigawie kazi zile za madukani, wakasema wanaihifadhi. Nimeiona, Baba. Iko chini ya ngazi, juu yake wameweka ndoo ya deki.

Nikaitwa kuvuta pazia. Nilishika kamba, nikauliza kwa adabu zote ulizonifundisha kama wangeiwasha kwanza, tuone inafanya hesabu gani. Ikabidi wakiri. Haiwaki. Umeme wa jengo hautoshi, na viyoyozi vyake havijaja. Mkuu akaninong'oneza, "Binti, wewe vuta tu, wageni wanasubiri."

Niliachia kamba, nikamshika Mama mkono, tukatoka. Tulipofika Mnazi Mmoja Mama akasema ungecheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Jayanti. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya chuo, kisha nimwombe aiwashe tena kompyuta yake, kwa sababu masika yamekaribia na mitaro imejaa mifuko ya plastiki. Nikaikuta inawaka. Imekuwa ikiwaka tangu ulipofariki, na za wenzake wa mtaa ule vilevile, zinasubiri kazi isiyokuja. Mgawo wa umeme ukiisha wanaziwasha upya. Nikamwuliza kwa nini.

"Mwalimu alisema usizime," akanijibu. "Hajarudi kusema zima."

Nililia pale pale kwenye vipuri, mbele ya wateja.

Disketi zako zenye ile hesabu ninazo. Jumamosi kompyuta yetu ya nyumbani naipandisha pale juu kwa Mzee Jayanti ishike nafasi ya ile waliyoichukua, na nyaya nitazivuta mwenyewe, Mama amekubali kushika ngazi. Kibao wabaki nacho. Ramani ya mwaka huu nitaibandika palepale ulipobandika yako, bila pazia.

Pumzika, Baba. Sitazima.

Binti yako,
Zuhura