Mkoba Niliodhani ni wa Mama

Shoga, leo nilitamani ardhi inimeze.

Si unajua mama alikwenda kwenye ile tume inayoandaa sheria ya masoko ya mtandaoni? Kueleza kwamba programu anayouzia mikoba imeiga mshono wake, sasa inauza ya kwake na ya mama imeitupa chini kabisa ya orodha?

Nilimsindikiza na mkoba wangu mpya begani. Niliununua humohumo, kimyakimya, nimuunge mkono.

Wakili wa kampuni yenye programu hiyo akaona nembo yao ndogo, ambayo mimi sikuwa nimeiona. "Hata binti yake amenunua wa kwetu!"

Wa kwao! Shoga, nikabisha mbele za watu. Mama akauchukua, akapapasa mshono, akasema polepole, "Huu si wangu."

Mwenyekiti akaniuliza, "Ulitafuta nini?"

"Jina la mama. Ukaja huu wa kwanza."

Mwenyekiti akaandika, akasema hilo, kutanguliza bidhaa zao mtu anapotafuta za mwingine, ndilo sheria itakalolikataza. Watu wakampongeza mama. Yeye akanirudishia mkoba, akatangulia nje.

Sasa kaketi mbele ya cherehani, mikono mapajani. Nimemwomba radhi mara tatu.

"Mwanangu," kaniambia, "nakushonea tangu uko tumboni. Kumbe hata wewe huujui mkono wangu."