Kiti cha Mtu Asiye Daktari

Ijumaa, 5 Februari 2016. Jidda

Nimeosha gari la madam ninayemwendesha, kisha nimekwenda mtaa wa Ruwais kwenye ibada yetu ya chumbani. Nimeshindwa kujizuia. Nimewatangazia wote: mke wangu Rehema, mwalimu wa darasa la nne huko nyumbani, ameteuliwa kwenye baraza la serikali linalowapa madaktari leseni. Kuna kiti kimoja cha mtu asiye daktari, mtetezi wa wagonjwa. Vigelegele! Kamau mlinzi akaagiza mbuzi mzima na wali. Nimevimbiwa. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 9 Februari

Mjinga kweli. Rehema amepiga simu. Hajateuliwa, amependekezwa tu. Madaktari huwapigia wenzao kura, lakini kwa kiti hiki waziri hupelekewa majina matatu, naye huchagua moja. Na si kitu mpaka lichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, linalotoka kila Ijumaa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbuzi ameshaliwa.

Ijumaa, 12 Februari

Gazeti limetoka. Tangazo la baraza halimo. Ruwais nimekiri yote.

"Sasa bro, tulikula mbuzi wa nani?" Kamau huyo.

Wamecheka mpaka machozi. Nami nimecheka. Ndani naumia. Miaka minane Rehema anawasindikiza wagonjwa kudai haki zao, kwa miguu yake. Anakitaka kiti hiki. Hajawahi kujitakia kitu.

Jumatano, 17 Februari

Kwa mawazo nimelipita lango la hospitali ya bosi, mume wa madam, naye yumo garini. Yeye ni daktari. Nimemweleza kinachonisumbua. Ameshangaa: mwalimu akae na madaktari? Jioni ameuliza kama jina limetoka gazetini. Nampenda mzee huyu.

Ijumaa, 26 Februari

YUMO! Rehema ametuma picha ya ukurasa. Nimeibusu simu. Kamau kaagiza mbuzi wa pili, eti huyu ndiye wa haki. Nimeimba mpaka sauti imekauka. Madam kapiga simu, nikacheka tu.

Alhamisi, 10 Machi

Kikao cha kwanza leo. Rehema amenisimulia polepole. Daktari mmoja alikuwa amelalamikiwa. Wajumbe wakazungumza, wakazungumza, maneno ya kitabibu matupu. Yeye akauliza mgonjwa mwenyewe anasemaje. Mwenyekiti akafunga faili, akaagiza mgonjwa aitwe.

Namsubiri madam nje ya duka la dawa, mtaa wa Aziziya. Joto. Nimezima redio. Nimemkumbuka mke wangu leo kuliko siku zote.