Kwaya Iliyosikika Nyuma ya Sauti Yangu

Alhamisi. Bugarama inachemka tangu asubuhi, hata upepo wa mashamba ya mpunga umegoma. Nimefunga mapema kibanda changu cha kutengeneza simu. Akili haikuwa kazini, nikaunguza simu ya mteja.

Leo Papa Donatien amesimamishwa kazi. Kwa sababu yangu.

Niandike tu yote. Tuko watu wanne, tunajiita Kweupe. Kazi yetu ni kuingia kwenye mitambo ya wakubwa na kutoa nje wanayoficha. Hatujuani sura wala majina, tunaitana kwa lakabu. Majuzi tuliingia kwenye kamera ya chumba cha mikutano cha ushirika wa mpunga, tukawanasa viongozi wakipanga kwa siri: mkulima asiyemuuzia mnunuzi wao afungiwe maji ya mfereji. Walikuwa wanacheka. Mashamba ya watu yalishaanza kukauka, na sisi tulikuwa tunailaumu mvua.

Mimi nilipewa kusoma utangulizi wa video. Nyumbani kuna Gisèle wangu na wadogo zake, kibandani wateja hawaishi, nikaona bora parokiani wakati wa mazoezi ya kwaya. Mimi ndiye ninayetunza majoho ya waimbaji, kwa hiyo Papa Donatien, kiongozi wa kwaya, alinipa ufunguo wa stoo bila kuuliza. Nikajifungia humo, nikasoma. Nilijiona mjanja sana: kelele za kwaya zingenificha. Baadaye nikaigeuza sauti yangu ikawa nzito, ya kiume, hata mimi sikujitambua.

Wimbo sikuugusa, na video ikatoka hivyo.

Ulikuwa wimbo mpya wa Pentekoste. Papa Donatien kautunga mwenyewe, haujawahi kuimbwa nje ya ukumbi ule. Nyuma ya sauti yangu ya kutisha kwaya inasikika vizuri, soprano wakikosea palepale wanapokosea kila wiki. Na mke wa mmoja wa wale viongozi ni soprano; aliutambua wimbo mara moja, na pembeni ya ukumbi hakuna pa kujificha ila stoo.

Sasa wanamtafuta mwanamume, na mwenye ufunguo ni Papa Donatien, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga ya ushirika huohuo. Wamemuuliza alimfungulia nani stoo. Amekataa kusema. Hakuna anayeuliza habari za maji tena. Wote wanauliza habari za ufunguo.

Niliwaandikia wenzangu: tutangaze kwamba mzee huyu si wetu. Wakakataa. Ukimwondoa yeye, waliniambia, watageukia wengine wa kwaya, na watakufikia wewe. Wanasema kweli. Nimewaza kuvuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza, nirudi Bukavu nilikokulia. Halafu? Nimwachie yeye mzigo huu mpaka lini?

Jioni nilikwenda mazoezini, maana kutokwenda kungesema mengi. Alisimama mbele yetu kama kawaida.

"Batoto, muimbe tu. Mambo ya kazi yangu muniachie."

Wimbo ulipoanza niliimba pamoja na wengine, macho kwenye karatasi.

Tulipotawanyika akaniita pembeni. "Maman Gisèle, kesho bananiita ku biro ya ushirika. Bakikuuliza, useme ile stoo nilifungula miye mwenyewe. Uko na batoto badogo."

Na mimi nikajibu nini? "Ndiyo, Papa."

Ndiyo! Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani. Yeye naye ana wajukuu wanaokula kwa mshahara ule, na amenipa uongo huo kwa upole, kama mtu anayemwazima jirani mwavuli.

Nimekaa hapa nikitafuta pa kutokea, sipaoni. Nilijiambia ninanyamaza ili nisiwataje wenzangu. Lakini nitawatajaje, nami siwajui? Hata nikibanwa vipi, jina ninaloweza kulitoa ni moja tu.

Naogopa. Naogopa sana. Kesho, kabla hajaingia ofisini kwao, andiko hili litakuwa limeshatoka mtandaoni, kila mtu alisome.

Naitwa Espérance. Ufunguo alinipa mimi.