Mbaazi Zangu na Alama za Tabitha

Jumatatu, 5 Mei 2025
Amedeus, mwalimu mwenzangu, karudi kutoka semina Nachingwea na karatasi yake, anaiita rubriki. Jedwali tu! Hoja, mpangilio, lugha, mifano. Kila kimoja alama tano, na imeandikwa kabisa tano anastahili nani, mbili anastahili nani. Nikamwambia, kaka, miaka kumi na moja nasahihisha insha, nikiisoma tu najua. Akacheka. Akasema nijaribu mara moja tu, na majina niyakunje nyuma nisiyaone.
Nitajaribu ili aninyamazie.

Jumatano, 7 Mei
Kidato cha Pili, insha 43. Mgongo unauma. Lakini kwa mara ya kwanza najua kwa nini huyu kapata kumi na moja na si kumi na tatu. Raha!
Moja imenisimamisha. Kuhama na mifugo — mama anaacha chungu chake njiani kwa sababu mgongoni ana mtoto. 18! Nikasema huyu Marystella, bingwa wangu wa insha, nani mwingine. Nikakunjua.
Tabitha Kristofa. Yule wangu wa alama 8.

Alhamisi, 8 Mei
Nimechukua daftari lake. Insha tatu tangu Januari, nilimpa 8, 7, 9. Kwa jedwali: 14, 13, 16. Nimerudia mara mbili nikiomba niwe nimekosea kujumlisha.
Niseme ukweli, hapa hasomi mtu. Agosti mwaka jana ng'ombe wa baba yake waliingia shambani kwangu Nandagala. Wakamaliza mbaazi zote. Hata pole sikupewa. Sikupanga kumwonea mtoto — naapa sikupanga! Lakini nikiliona lile jina, kalamu inakuwa nzito. Mbaazi ndizo zilizokuwa zinasahihisha.
Nimelia kwenye choo cha walimu. Kisha nikashukuru, ajabu. Asante Mungu nimeliona Mei, si Novemba mtihani wa taifa ukishapita.

Jumatatu, 12 Mei
Nimempa Tabitha 18 yake pamoja na jedwali. Kalifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Akatabasamu. Halafu: madam, na zile za nyuma nilikosea wapi?
Nikasema nitakueleza. Mwoga mimi!
Akanong'ona kwamba baba anataka aondoke hosteli Juni, arudi nyumbani moja kwa moja. Kwa nini? Akaangalia chini. Baba anasema hapa Kiswahili hawezi kufaulu.

Jumanne, 13 Mei
Nimekwenda kwa Saburi, mwalimu wa taaluma. Nimemwambia yote, na mbaazi. Nilitegemea kufokewa. Akasema alama zitarekebishwa, ila mzazi aitwe, aelezwe sababu mbele ya mkuu wa shule. Nikauliza ataeleza nani. Akaninyooshea kalamu.
Amedeus kaniletea chai na muhogo. Namshukuru huyu mtu kuliko anavyojua.

Ijumaa, 16 Mei
Saa nne asubuhi, stafu, chumba cha walimu. Naandika upesi.
Mzee Kristofa kafika. Pikipiki, gunia nyuma. Mkuu yuko kwenye simu, tunasubiri. Nimetoka kumwamkia.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwalimu."
Hakuniacha niendelee. Kafungua gunia palepale — mbaazi! Kavu, safi, kazitafuta mpaka Nachingwea. Anasema walikuwa wageni, ndio kwanza walikuwa wamefika, aliogopa akijitokeza watafukuzwa kijijini. Anaona aibu.
"Zile alama nilijua tu, mwalimu. Ni ng'ombe zangu. Nikamwambia mtoto, yule mwalimu tulimkosea, kwake hutafaulu, rudi nyumbani. Akanikatalia. Akasema, baba, madam hayuko hivyo. Mimi ndiyo sijui kuandika."
Nikasema naomba dakika moja, nikaingia humu.
Dirishani nawaona na kuwasikia. Tabitha kasimama kando ya gunia, ile karatasi ya jedwali mkononi, anamsomea baba yake. Hoja, tano. Mpangilio, nne. Baba anaitikia kwa kichwa kila namba. Mtoto huyu miezi mitano kanitetea kwa baba yake, na mimi… Asante, Tabitha. Zile za nyuma nakueleza leo, mbele ya baba yako.
Mkuu kakata simu. Anatuita ndani, wote watatu.